Maswali ya wasomaji: Keto ya mtoto mwenye kifafa sio ile ya kupunguza tumbo

Tangu tuandike toleo lililopita kuhusu watoto ambao kifafa chao kimegoma dawa, meseji hazijakata, na nyingi zinauliza kitu kimoja: hii dayati ya ketojeniki, yaani ya mafuta mengi na wanga kidogo sana, ni kweli inasaidia au ni maneno ya mitandaoni tu? Nimechagua tano, majina nimeyatoa. Mimi ni mtaalamu wa lishe, sio daktari wa ubongo, kwahiyo pale panapohitaji daktari ntasema nenda kwa daktari na naomba msinichoke.

Habari dada. Niko Morogoro, nina mtoto wa kike miaka mitano. Alianza degedege akiwa na mwaka na nusu, baadae wakasema ni kifafa, tukapewa fenobabito, ikabadilishwa tukapewa Tegretol, sasa hivi anadondosha kichwa ghafla kila siku mara nyingi mpaka kidevu kimeshapasuka. Nimetumiwa klipu kwenye grupu, mama mmoja anasema mwanae kapona kwa kula parachichi, mayai na mafuta ya nazi na dawa wametupa. Nataka nianze jumatatu, nipe ratiba ya asubuhi mchana na jioni, na dawa niache siku hiyohiyo au polepole?

Pole sana mama. Naanza na swali lako la mwisho kwasababu ndo la hatari kuliko yote: dawa usiache. Dawa ya kifafa ukiikata ghafla, hasa fenobabito, mtoto anaweza kuingia kwenye kifafa kisichokatika, dakika tano zinapita, kumi, nusu saa, na hiyo inaua. Hata watoto wanaoanzishiwa hii dayati kwenye hospitali kubwa za nje wanaianza huku bado wanameza dawa zao zote, wakipata nafuu ndo daktari anaanza kupunguza moja baada ya nyingine, na wengine haziishi zote.

Na jumatatu usianze pia. Najua hutaki kusikia hivo, mtoto anaanguka kila siku na we unaona msaada upo jikoni kwako kabisa. Lakini nisikilize. Kuna watoto wanazaliwa na hitilafu, miili yao haiwezi kuchoma mafuta kugeuza nguvu, wengine wana upungufu wa kanitini ambayo ndo inabeba mafuta kuyaingiza sehemu ya kuchomewa, wengine wana pofiria, ugonjwa ambao kukosa wanga kunaamsha mashambulizi yake. Mtoto wa namna hiyo ukimnyima wanga ukamjaza mafuta umemnyima kitu pekee ambacho mwili wake unakiweza, anaweza kupoteza fahamu na kufa, na kwa kumuangalia tu huwezi kumjua. Ndo maana kabla ya kuanza wanapima damu na mkojo, wanaangalia ini, figo, mafuta ya kwenye damu, wanampima uzito na urefu. Yule mama wa kwenye klipu labda mwanae alipimwa yote hayo na hakusema, au alibahatika. We usimwekee mwanao bahati ya mtu mwingine.

Sasa ratiba. Siwezi kukupa na nakuambia kwanini, maana hapa ndo watu wengi wanapoipotosha. Dayati yenyewe ya asili inapigiwa hesabu kwa gramu. Ile kali inaitwa nne kwa moja, yaani kila gramu 4 za mafuta zinaendana na gramu 1 tu ya protini na wanga vikiwa vimejumlishwa. Chukua mtoto wa kilo 16 anaehitaji kalori 1200 kwa siku: mafuta yanatoka gramu 120, protini na wanga kwa pamoja gramu 30. Protini peke yake anahitaji kama gramu 16 ili akue, kwahiyo wanga wa siku nzima unabaki gramu 14 hivi. Slesi moja ya mkate imeshamaliza. Ndizi mbivu moja ya saizi ya kati imepitiliza karibu mara mbili. Ugali sitaji hata. Chakula kinapimwa kwenye mizani ya jikoni na anakula chote mpaka mafuta yaliyobaki kwenye sahani yanakombwa, manake akiacha mafuta akala nyama tu hesabu imevunjika. Lengo ni mwili uache kutegemea sukari na uanze kutumia mafuta, ini linatengeneza vitu vinaitwa ketoni, ubongo unaishi kwa hizo, na kwa watoto wengine ule umeme wa ovyo unatulia. Ukimpa parachichi na mayai kwa kukadiria macho, halafu bibi yake akampa biskuti mbili saa kumi, umempa tabu ya kunyimwa vyakula anavyovipenda na faida hajaiona.

Kuna kitu kingine kwenye barua yako kimenishtua zaidi. Kudondosha kichwa ghafla, mara nyingi kwa siku, ni aina ya kifafa ambayo dawa kama Tegretol wakati mwingine haiisaidii na kwa watoto wengine inaiongeza kabisa. Sisemi ndo kilichotokea kwa mwanao, simjui. Nasema kabla hatujaita kifafa chake sugu lazima mtu aliangalie hilo. Shirikisho la kimataifa la kupambana na kifafa, ILAE, mwaka 2010 liliweka wazi kwamba kifafa sugu ni kile kilichoshindwa na dawa mbili zilizochaguliwa sawasawa kwa aina ya kifafa hicho, zikatumika kwa dozi ya kutosha. WHO nao wanasema mpaka asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Kwahiyo jiulize: dozi aliyoanzishiwa akiwa na mwaka na nusu ilishawahi kupandishwa kadri alivyoongezeka kilo? Kuna siku dawa inaisha dukani mnakaa bila? Alishafanyiwa EEG, kile kipimo cha umeme wa ubongo?

Kwahiyo jumatatu hiyohiyo fanya hivi: mrekodi video akiwa anadondosha kichwa, hata mbili tatu, daktari akiona video anajua zaidi kuliko maelezo ya saa nzima. Andika kwenye daftari kila tukio na saa yake, beba makopo yote ya dawa, omba rufaa ya kliniki ya watoto ya mishipa ya fahamu kwenye hospitali ya rufaa, na ukifika useme kwa mdomo wako, "naomba kujua kama mwanangu anafaa kwa dayati ya ketojeniki." Usiogope kuuliza, hicho sio kitu cha kienyeji, kipo kwenye miongozo yao.

Na ukiuliza inasaidia kiasi gani, jaribio moja lilifanyika London, hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, matokeo yakatoka 2008, watoto 145 wa miaka 2 mpaka 16 walioshindikana kwa dawa wakagawanywa, wengine wakaanzishiwa dayati mara moja wengine wakasubiri. Baada ya miezi mitatu asilimia 38 ya waliokuwa kwenye dayati kuanguka kulipungua kwa zaidi ya nusu, waliosubiri ni asilimia 6 tu. Waliopungukiwa kwa zaidi ya asilimia 90 ni wachache, asilimia 7. Kwa hiyo sio muujiza wa kwenye klipu, ila kwa mtoto ambae dawa zimeshagoma hiyo asilimia 38 ni kubwa sana.

Hujambo daktari, niko Nakuru. Kijana yangu ako na miaka nane, ashatumia madawa tatu na bado. Daktari wa kliniki alitaja hii mambo ya ketojeniki lakini bibi yangu anasema ni fasheni ya watu wa kupunguza weiti. Na hata kama ni ya ukweli, si ni chakula ya matajiri? Sisi tunaishi na ugali.

Sijambo kaka, na msalimie mama watoto, maana wasiwasi wake una msingi. Jina hili limechafuliwa na watu wa kupunguza tumbo mpaka ukilitaja kwa mzazi wa mtoto mgonjwa anaona unamtania. Lakini kifafa ndo kilitangulia. Mwaka 1911 madaktari wawili wa Paris, Guelpa na Marie, waliandika kwamba wagonjwa wao wa kifafa walipofungishwa walipata nafuu. Shida mtu hawezi kufunga milele. Mwaka 1921 Russell Wilder wa Mayo Clinic kule Minnesota akaja na wazo kwamba ukimpa mtu mafuta mengi na wanga kidogo sana mwili unadhani umefunga huku unakula, na yeye ndo aliipa jina. Mwenzake Peterman akapanga hesabu za watoto, protini gramu 1 kwa kila kilo ya mtoto, wanga gramu 10 mpaka 15 kwa siku, zilizobaki mafuta, na hesabu hizo hazijabadilika sana mpaka leo. Halafu 1938 ikaja fenitoini, kidonge, na ukweli ni nani atahangaika na mizani wakati kuna kidonge? Dayati ikasahaulika karibu kabisa. Iliyoirudisha ni familia moja ya Marekani, mtoto wao Charlie Abrahams dawa zilikuwa zimeshindwa, wakampeleka Johns Hopkins mwaka 1993 akatulia, mwaka uliofuata baba yake akaanzisha taasisi ya Charlie Foundation na utafiti ukafufuka.

Kuhusu pesa sitakudanganya. Vipimo vya kuanzia vinakula hela, vijiti vya kupima ketoni kwenye mkojo vinanunuliwa, na mtoto lazima apewe vitamini na kalshiamu kila siku kwasababu hiyo sahani haina vya kutosha. Lakini chakula chenyewe sio lazima kiwe cha supamaketi. Kwa kijana wa miaka minane mwambie daktari akueleze kuhusu Atkins iliyorekebishwa. Hii ilianzia Johns Hopkins mwaka 2003, haina kupima kila gramu, unahesabu wanga tu, kwa kawaida gramu 10 mpaka 20 kwa siku, protini haibanwi, mafuta anahimizwa ale mengi. Wahindi waliijaribu Delhi kwa watoto wenye kifafa sugu, utafiti ukatoka 2013, baada ya miezi mitatu asilimia 52 ya waliokuwa kwenye dayati walipungukiwa kwa zaidi ya nusu, wa kundi lingine asilimia 11 na kitu. Nautaja huo kwasababu familia nyingi kule zinaishi kwa chapati na wali kama nyie mnavyoishi kwa ugali, na waliweza.

Mayai, omena, nyama yenye mafuta, avokado ambazo kwenu Kenya kwa msimu wake sio ghali, samli, sukuma wiki iliyozama kwenye mafuta, hivyo vyote vinaingia. Kinachouma ni ugali kutoka, na hapo nyumba nzima lazima ikubaliane, ndugu zake wasile ugali mbele ya macho yake wiki za kwanza kama inawezekana. Na mwalimu aambiwe. Mtoto wa miaka minane anabadilishana chakula shuleni, hilo hata uapishe haliachi.

Assalaam aleikum mwanangu. Mie bibi wa Tanga, namlea mjukuu wangu wa miaka saba mwenye kifafa. Alipoumwa tumbo hakula siku mbili na hizo siku hakuanguka hata mara moja. Ramadhani inakuja, nikimfungisha si itakuwa dawa?

Waaleikum salaam, shikamoo bibi. Ulichokiona ni cha kweli, hata maandishi ya waganga wa Ugiriki ya kale yana habari ya mtu aliyetulizwa kifafa kwa kufunga, na nimeeleza hapo juu wale wa Paris. Lakini usimfungishe. Akifunga dawa ya mchana inarukwa, usingizi unakatika kwa ajili ya daku, na kukosa usingizi peke yake kunaamsha kifafa, sukari inaweza kushuka mno kwa mtoto mdogo, maji yanapungua, halafu magharibi anafungua kwa tende na uji mtamu, hizo ketoni zilizoanza kujengeka zote zinafutika. Anabaki na hatari bila faida. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba mtoto ambae hajabaleghe hajafaradhishiwa, na mgonjwa ana ruhusa yake. Ila hicho ulichokiona kamwambie daktari wake vilevile ulivyonieleza mimi, kina maana kwake.

Habari, tuko Leicester, asili yetu Mombasa. Mwanangu wa kiume ana miaka minne, yuko kwenye nne kwa moja miezi mitano sasa, alikuwa anaanguka kila siku sasa hivi inapita hata wiki. Disemba tunakuja nyumbani mara ya kwanza tangu aanze na roho inanienda mbio, mamangu na makhalati wote hawaamini mtoto anaweza kunyimwa mahamri. Nijiandae vipi?

Hongera sana kwa hiyo wiki, najua imegharimu nini. Na hongera kwa kuuliza mapema.

Kabla ya yote zungumza na timu yako ya hospitali, wakupe barua ya dharura yenye saini, maneno machache tu: mtoto yuko kwenye matibabu ya ketojeniki, asiwekewe dripu yenye glukosi isipokuwa sukari yake imeshuka, apewe ya chumvi ya kawaida. Hii barua ibebe kwenye mkoba wa mkononi sio kwenye sanduku. Mtoto akitapika au akiharisha, na kwenye joto la Mombasa disemba inawezekana kabisa, daktari yeyote wa zamu mkono wake utakwenda kwenye dripu ya sukari, sio kwa ubaya, ndivyo alivyofundishwa kwa mtoto asiekula. Chumvichumvi za kuharisha za paketi nazo zina glukosi, waulize timu yako mapema utumie nini badala yake.

Halafu dawa za maji. Siropu ya homa, ya kikohozi, antibayotiki ya watoto, karibu zote tamu, kijiko kimoja kinaweza kubeba gramu mbili tatu za sukari na mwanao wanga wake wa siku ni hizo gramu kumi na kitu. Beba za vidonge au zisizo na sukari za kutosha safari nzima, pamoja na dawa zake za kifafa na vitamini, na ziada ya wiki kama ndege itachelewa. Mizani beba, betri beba.

Chakula cha pwani kina neema na mitego. Samaki, mayai, mchicha, parachichi, nyama, havina shida ukivipima. Tui la nazi ndo utamu wenyewe kwa hii dayati, mafuta yake yana sehemu ambayo ini linaigeuza ketoni kwa urahisi, lakini tui la kukamua nyumbani halina lebo, tui la kwanza na la pili ni vitu viwili tofauti kabisa na kila mkono unakamua kivyake. Kwa nne kwa moja mi ningetumia la kopo lenye maandishi, au mafuta ya nazi yenyewe, na la nyumbani ningewaachia wengine. Madafu hapana, watu wanadhani ni maji tu, yana sukari. Embe, viazi karai, mihogo, juisi ya miwa, chai ya maziwa ya sukari, hapana vyote. Maji mpe mengi, zamani walikuwa wanawabania watoto maji kwenye hii dayati siku hizi hapana, joto na maji kidogo vinaleta choo kigumu na mawe kwenye figo, ambayo kwenye dayati hii ni hatari inayojulikana.

Dalili ya ketoni kuzidi unaijua nadhani, mtoto analegea, anahema harakaharaka, anatapika, mashavu yanakuwa mekundu. Fuata walichokufundisha, kwa kawaida ni juisi kidogo sana ya matunda halafu unapima tena baada ya muda, na asipochangamka hospitali na ile barua yako.

Mamako usimwekee marufuku mlangoni. Mtu wa pwani kulisha mjukuu ndo kumpenda kwake, ukimwambia "usimpe" atampa usipoangalia. Mpigie video kabla hamjaja, mwonyeshe daftari la mtoto, kabla na baada. Mpe kazi yake: yeye ndo ampikie yai lake kwa samli uliyoipima, yeye ndo amkombeshe sahani. Na mpe vitu visivyo vya kula vya kumzawadia mtoto, kofia, mpira, kigari. Kwa makhalati mwambie mamako awaambie yeye, wewe utaonekana umekuja na mambo ya Ulaya.

Dada, niko Arusha. Mwanetu ana miaka sita, yuko kwenye ile Atkins chini ya hospitali, mwezi wa tatu unaisha na hakuna tofauti. Mke wangu analia anasema labda kuna siku alikosea kupika. Tuendelee mpaka lini?

Kaka, mwambie mkeo kwanza kwamba kwenye lile jaribio la London zaidi ya nusu hawakufikia ile nafuu ya nusu, na walikuwa wanasimamiwa na wataalamu. Kifafa cha mtoto mwingine hakiitikii dayati kama kisivyoitikia dawa, na mapishi hayahusiki.

Miezi mitatu ndo muda ambao wengi wanautumia kuamua, kwahiyo mmefika mahali pa kuamua kweli. Kabla hamjaacha kaeni na mtaalamu wenu mpitie daftari: ketoni kwenye vijiti zilikuwa zinasoma vizuri siku nyingi au zinapanda na kushuka? Kuna siropu, kuna dawa ya meno tamu anayoimeza, kuna karanga nyingi kuliko mlivyodhani? Wakati mwingine wanakaza kidogo kwenda kwenye ile ya kupima gramu na mambo yanabadilika, mara nyingine wanaona imetosha. Kitu kimoja cha kumuuliza daktari ni kama anashuku upungufu wa GLUT1, ule ambao sukari haivuki vizuri kuingia kwenye ubongo, kwasababu kwa watoto hao dayati ndo tiba yenyewe na haitakiwi kuachwa kirahisi, wanaendelea nayo miaka mingi. Kwa wengine ikifanya kazi wanakaa nayo kama miaka miwili halafu wanaitoa taratibu.

Mkiamua kuacha msimpe ugali siku hiyohiyo, wanga unarudishwa kwa hatua kama hospitali itakavyowapangia, na dawa zinabaki palepale. Halafu uliza kinachofuata, maana kipo: picha ya MRI kuona kama kifafa kinaanzia sehemu moja ya ubongo inayoweza kufanyiwa upasuaji, au dawa nyingine ambayo haijajaribiwa. Hilo daftari la miezi mitatu mnalo, nendeni nalo, kila tukio limeandikwa na tarehe, wachache wanafika kliniki wakiwa na kitu kama hicho.